Ukitembea, usijilipe kwa chapati

Najua hapa kijiweni palilala kidogo, kazi zilinibana. Leo nimerudi kwa sababu ya dada yangu mkubwa wa Tanga. Jumapili alinipigia, akasema, "Mdogo wangu, natembea kila asubuhi mpaka Raskazone na kurudi, huu mwezi wa tatu. Mbona mzani hausogei?" Nikamuuliza, dada, ukirudi unakula nini? Akacheka. Chapati mbili na chai ya maziwa. "Si nimeshazichoma njiani!"

Nilicheka naye, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Mnakumbuka baba alivyopooza mwaka 2011 kwa presha. Na mimi mwaka juzi nilipanda mzani wa kliniki hapa Diepsloot nikakuta kilo 98, presha 160 kwa 100. Nesi aliniambia kwa upole kwamba sina muda wa kuchezea. Leo niko kilo 86. Kwa hiyo naomba nitoe maoni yangu, atakayepinga anikosoe.

Maoni yangu ni haya: kama lengo ni kupungua, matembezi ya kawaida usiyarudishie kwa chakula. Kazi ngumu ya saa nyingi, hiyo rudishia, lakini si yote.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 anachoma kama kalori 200 zaidi ya zile ambazo angechoma akiwa amekaa kwenye kochi. Chapati moja ya kwetu iliyoshiba mafuta inafika 250 bila shida, mbili ni 500. Tuseme dada alipanga kula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 500 kwa siku. Ametembea, upungufu umekuwa 700. Amejipongeza kwa chapati mbili, umebaki 200. Sasa weka sukari ambayo hakuihesabu, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hapo ni karibu 150 nyingine. Zimebaki 50, na maziwa sijayagusa. Mzani utasogea vipi?

Mimi nilifanya kosa hilo hilo kwa mtindo wa huku. Natokea kibaruani upande wa Fourways, na nilianza kushuka teksi (teksi za huku ni vihiace kama daladala zetu) mapema kwenye ile barabara ya William Nicol, ambayo tangu 2023 inaitwa Winnie Mandela Drive, ili nimalizie kwa miguu. Natembea mchana kweupe tu. Baada ya yale ya Aprili 2022, raia wa Zimbabwe alipouawa hapa Diepsloot, sisi wageni giza tunaliogopa. Basi nikifika mtaani nina njaa na najiona shujaa, nanunua kota. Kwa msioijua, kota ni robo ya mkate mweupe iliyotobolewa ndani ikajazwa chipsi, poloni, achari na jibini. Huo mkate peke yake una karibu kalori 400, bado chipsi. Ukishushia na soda ya nusu lita, ongeza 200. Nilikuwa nalipa deni la shilingi mia kwa noti ya elfu kumi, halafu chenji siulizi.

Halafu kuna hizi saa za mkononi na simu zinazokuambia "umechoma 450". Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Kwenye mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri. Kwenye kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Sasa wewe unataka kula kwa kufuata namba hiyo? Tena mara nyingi namba hiyo inajumlisha na kalori ambazo mwili ungezitumia hata ukiwa umelala.

Lakini kilichonifumbua macho kabisa kimetoka kwetu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wahadzabe watu wazima 30. Wanaume wao walikuwa wanatembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu angetarajia wanachoma kalori nyingi kupita watu wa ofisini Marekani. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, ikaonekana jumla ya siku nzima ni karibu sawa! Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea shughuli nyingi unabana matumizi kwingine. Wataalamu bado wanabishana unabana kwa kiasi gani. Kwangu mimi funzo linatosha: kalori 200 za matembezi si hela taslimu mfukoni.

Msinielewe vibaya, mazoezi sijayadharau. Presha yangu imeshuka, usingizi umekuwa mtamu, na magoti hayanisumbui. Tembeeni kwa ajili ya moyo. Kiuno kinaamuliwa zaidi na sahani.

Na wapo ambao wasinisikilize. Anayekimbia Comrades, ile mbio ya karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, asipokula ataanguka. Mama anayenyonyesha na mtoto anayekua, hawahusiki. Na mama yetu anayetumia dawa za sukari asijaribu kutembea na njaa kwa kunisikiliza mimi, sukari inaweza kushuka ghafla. Amuulize daktari wake kwanza. Hata mimi siku tunayochimba msingi au kupakua saruji tangu asubuhi naongeza chakula, kama nusu ya ninachokisia nimetumia, na ni mayai na maharage, kota hapana.

La mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Nilipotuma picha kwenye grupu la familia, simu zikamiminika. "Umekonda, unaumwa?" "Huko mnakula kweli?" Shangazi akaanza kunong'ona mambo ya ugonjwa. Ndugu zangu, siumwi na sina njaa. Kitambi changu cha zamani mlichokisifia kuwa nimepata maisha ndicho kilichokuwa kinaniua. Afrika Kusini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 68 ya wanawake na 31 ya wanaume wana uzito uliozidi, na wengi wao si matajiri. Unene si utajiri jamani. Baba alikuwa mnene na alisifiwa mpaka siku aliyoanguka.

Kwa hiyo dada, endelea na Raskazone yako. Ukirudi kunywa maji, ukae nusu saa, kisha kula mlo wako uleule wa siku zote, chapati moja tu. Baada ya wiki nne nipigie tena.

Wadau mnaonaje? Tupo pamoja.