DALILI HAINGOJI SIKU YA MUNGANGA



Katika shimo, ukiona ufa juu ya kichwa chako, hungoji mwisho wa juma ili kumwambia kapita. Unasema palepale. Lakini mugonjwa wa kansere, dawa ikimutapisha siku tatu, ananyamaza mpaka siku ya kumuona munganga. Akifika anasema: «Si vibaya.» Kwa nini kunyamaza?

Huko New York, Marekani, hospitali ya Memorial Sloan Kettering ilijaribu njia nyingine. Wagonjwa 766, ambao kansere yao ilikuwa imekwisha kuenea, waligawanywa kwa kura. Wamoja walitunzwa kama kawaida. Wengine walijibu kwenye kompyuta maulizo juu ya dalili 12: maumivu, kutapika, kukosa pumzi na nyingine. Dalili ikizidi, infirmiye alipata habari. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Kati ya waliotunzwa kama kawaida, nusu waliishi zaidi ya miezi 26. Kati ya walioandika dalili zao, nusu waliishi zaidi ya miezi 31. Hata wasiozoea kompyuta walipata faida.

Si mashine iliyowaongezea siku. Ni kusema mapema, na kuwa na mutu wa kusikia. Kwa hiyo tunasema: kwetu pia telefone ya mukononi yaweza kutosha, ikiwa hospitali imeweka infirmiye wa kusoma na kujibu. Ujumbe usiosomwa ni kengele inayolia mahali pasipo na watu.

Angalieni zaidi homa. Kwetu, homa ikija, tunafikiri malaria, tunakunywa vidonge nyumbani. Kwa anayepata dawa za kansere, hii ni hatari kubwa. Mara nyingi dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo homa ya 38 au zaidi yaweza kumuua upesi. Apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku.

Basi, fanyeni hivi:

1. Kabla ya kutoka hospitali, ombeni namba ya kupigia muchana na usiku.
2. Andikeni dalili kila siku, na kuwa na kipima-homa nyumbani.
3. Mama, bwana akinyamaza, sema wewe. Bwana, fanya vilevile kwa bibi yako.

Kuvumilia kazi nguvu ni sifa ya mwanaume. Kuficha dalili si uvumilivu: ni kuacha ufa ukue.