Gesi ikiisha, moshi unarudi



Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila huku milimani Uluguru, mtungi wa kilo sita ukiisha huwekwa pembeni, mafiga yakarudi kazini. Kuujaza kunataka nauli ya bodaboda na fedha ya mkupuo; kuni zinaokotwa.

Masika ndiyo balaa. Kuni mbichi, dirisha dogo, kenchi zimejaa masizi. Mama anapuliza moto macho yakimchuruzika, mtoto yuko mgongoni anakohoa. Moshi huo huchangia nimonia kwa watoto wadogo.

Wakati gesi inasubiriwa, jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi linajengeka hapa hapa, kwa udongo na matofali yetu. Halitamaliza tatizo, lakini linapunguza kuni na moshi. Naziomba halmashauri za Morogoro zitenge sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake wajenzi wa majiko, na mawakala wa gesi wafike hadi vijijini.

Msomaji,
Matombo, Morogoro