Antivairasi si panga: acheni kufyeka masanduku ya barua

Kuna amri moja ambayo ningeipiga marufuku katika kila seva ya barua pepe, kuanzia hapa Sigowet hadi Bomet mjini: clamscan -r --remove /var/mail. Mafundi wetu huipanga ijiendeshe kila usiku, kisha huenda kulala wakiamini wamelinda ofisi. Hawajalinda chochote. Wametega bomu.

Seva za Linux zinazotumia mtindo wa mbox huweka barua zote za mtu ndani ya faili moja. Antivairasi inayopita kwenye folda haijui barua, inajua faili. Ikikuta kiambatisho kimoja kibovu kati ya barua elfu tatu, inafuta faili, na sanduku zima limekwenda. Mwenye sanduku akitumia IMAP, simu yake nayo itajilinganisha na seva na kutupa nakala ilizokuwa nazo. Mtindo wa Maildir, ambapo kila barua ina faili yake, una nafuu, ila hata hapo barua hutoweka kimya kimya bila mwenyewe kuambiwa. Kwa ofisi ndogo ya ushirika, sanduku hilo ndilo kabati la mkataba, ankara na risiti. Nani atazirudisha?

Mkulima wa chai hawezi kufanya upuuzi huu. Pale kituoni karani hukagua majani kabla ya kuyapima, na yaliyokomaa mno hurudi na mwenyewe. Hakuna anayeyaacha yaingie, kisha usiku akachoma lori zima kwa sababu ya gunia moja.

Basi kagueni mlangoni. Kwenye Postfix, unganisheni clamav-milter na muandike OnInfected Reject. Barua mbovu itakataliwa kabla ya kupokewa, na kumwarifu mtumaji kutabaki kuwa kazi ya seva iliyoileta. milter_default_action iacheni kwenye tempfail, ili mkaguzi akizimika barua zisubiri. Wanaoibadilisha kuwa accept, eti barua zisichelewe, wanaacha lango wazi kila antivairasi inapokufa. Na ClamAV hufa kweli kwenye seva yenye kumbukumbu ndogo, maana orodha yake ya virusi pekee hula zaidi ya gigabaiti 1.

Nitaambiwa kwamba kirusi kipya huingia kabla orodha haijakijua. Ni kweli. ILOVEYOU ya Mei 2000 ilizunguka dunia ikijifanya barua ya mapenzi kabla wengi hawajapata kinga. Ndiyo maana sipingi kukagua folda usiku, napinga kufuta. Ondoeni --remove, acheni ripoti iandikwe, na asubuhi mtu mwenye macho aamue.

Wala msikimbilie upande wa pili, mkazisamehe folda zote kwa kuwa ukaguzi unachelewesha seva. Microsoft kwa miaka iliwaelekeza wenye Exchange waache folda kadhaa bila kukaguliwa, lakini Februari 2023 yenyewe ikawashauri waanze kukagua baadhi yake. Msamaha uwe mdogo na uwe na sababu.

Kisha jaribuni. Chukueni faili ya EICAR, herufi 68 zisizo na madhara, muitume kutoka nje kama kiambatisho. Ikifika sandukuni, mlinzi wenu amelala. Mwamsheni kabla ya kumpa panga.