Aliyeacha Pombe Asiachwe Peke Yake

Sisi wa Lupiro tunaijua malaria. Mwaka 1911 Ronald Ross alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hukoma. Siku hizi wanahisabati huutazama ulevi kwa njia hiyo hiyo. Hugawa jamii katika makundi: wasiokunywa, walevi, na walioacha. Mlevi humvuta mwenzake kilabuni kama mgonjwa anavyoambukiza.

Semina na mabango hulenga kupunguza wanaoanza kunywa. Lakini tuseme kati ya kumi walioacha, saba wamerudi: kundi la walevi linajaa tena, nao huvuta wengine. Hapo elimu peke yake haitoshi.

Kwetu jambo hili lina majira yake. Wengi huacha wakati wa Kwaresima. Mpunga ukishavunwa na fedha zikipatikana, gongo na komoni huwarudisha.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisiishie kukemea. Zimtembelee aliyeacha, hasa miezi ya mavuno, na kumshirikisha kazi za pamoja jioni zile ambazo zamani alikuwa kilabuni.