Megapikseli za Nini?

Wadau, hapa Tabaka nimeulizwa tena: darubini inayopiga picha za seli yenyewe, tuiwekee kamera ya megapikseli 20? Jamani! Lenzi ya mara 100 ya kutumia mafuta haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko takriban robo ya mikromita. Hiyo ni fizikia. Ukiongeza megapikseli kwenye kihisi cha ukubwa uleule unajaza diski tu, na mgonjwa wa malaria anazidi kusubiri majibu. Watafiti wa Makerere walifunga simu kwenye darubini, na mwaka 2016 wakaonyesha kompyuta ikitambua vimelea kwenye picha zake. Simu! Sisi vumbi la mawe ya kuchonga limejaa kwenye lenzi, tunawaza kamera. Ifutwe kwanza. Halafu muulizeni muuzaji kama ana draiva ya Linux. Akinyamaza, rudini na hela zenu.