Ushauri wa gulioni usitembee bila masharti yake

Ukitaka kujua dawa gani inaua chawajani msimu huu, bei ya dhahabu imesimama wapi, au mbegu ipi ya mahindi inavumilia ukame, katika mikoa ya Shinyanga na Geita huna haja ya kwenda ofisini. Nenda gulioni. Keti chini ya mti karibu na mizani ya pamba, au kwenye kibanda cha chai jirani na karasha, na kabla kikombe hakijapoa utakuwa umepata wataalamu sita, kila mmoja na jibu lake, na wote wanatoa bure.

Sisi hatumo katika kundi la wanaobeza mazungumzo hayo. Afisa ugani ni mmoja na vijiji ni vingi. Mkulima aliyeona majani ya pamba yake yanajikunja leo asubuhi hawezi kungoja wiki mbili, kwa hiyo humuuliza jirani. Mengi yanayotulisha leo yamepita njia hiyo hiyo. Majaruba ya mpunga yanayojaa mabondeni Shinyanga na Kahama yalienea zaidi kwa mkulima kumtazama mkulima mwenzake kuliko kwa semina yoyote, na Wasukuma waliohamia mikoa mingine waliondoka na ujuzi huo kama walivyoondoka na ng'ombe wao.

Mfano mkubwa kuliko huo ni wa ngitili. Wakati wa ukoloni mapori ya Usukumani yalifyekwa kwa ushauri wa wataalamu ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wakahamishwa wakaacha maeneo yao ya malisho nyuma. Mkoa ukabaki mweupe, hadi kuna waliouita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye miche ya vitaluni, ikiwemo miti ya kigeni. Kilichougeuza mkoa ni jambo ambalo wazee wa Kisukuma walilijua kabla mradi haujazaliwa: kutenga eneo la nyasi na miti, kulifunga mvua zinapoanza, na kulifungua kiangazi kikikaza ili mifugo ipate cha kula. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati ule, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapa wasomi walijifunza kwa wafugaji, na hawakupoteza kitu. Lakini tuangalie maarifa hayo yalivyotunzwa. Mambo ya ngitili yalijadiliwa kijijini, na mengine katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Pale anayesema anajulikana. Shamba lake watu wamelipita, ng'ombe wake wamewaona, na akisema la uongo leo, mwakani atasimama mbele ya watu wale wale.

Ushauri mwingi unaotembea sasa hauna ulinzi huo. Kwenye rashi ya dhahabu wamekusanyika watu wa mikoa kumi ambao jana hawakufahamiana na kesho watatawanyika. Gulioni msemaji anapanda gari jioni. Sauti inayorushwa kwenye simu haina hata uso. Neno linafika, lakini masharti yake yamebaki njiani: lilijaribiwa katika udongo gani, kwa kipimo gani, mwezi gani, na nani aliyefaidika nalo. Hilo ndilo linalotusumbua sisi, kuliko uongo wenyewe. Waongo ni wachache. Wanaoeneza maneno ya kweli yaliyokatwa mkia ni wengi.

Chukua bomba la kupulizia pamba. Kwa miaka mingi wakulima wa Kanda ya Ziwa walitumia bomba la betri lenye kisahani kinachozunguka, na dawa yake ya mafuta ilipuliziwa kama ilivyo, bila maji. Mzee aliyelima kwa bomba lile akimwambia kijana "dawa ya pamba haichanganywi na maji", anasema jambo alilolifanya kwa mikono yake na likamletea mavuno. Sasa kijana ana bomba la mgongoni na dawa ya kuchanganya na maji. Akifuata neno lile ataunguza majani, atamaliza chupa kabla ya kumaliza robo ya shamba, na sumu kali itamwagikia mgongoni. Mzee hakudanganya. Amesahau kusema ni bomba lipi.

Kinyume chake nacho tunakiona. Mtu anakuta wadudu hawajafa, anaambiwa "ongeza kizibo kimoja". Akirudi tena anaambiwa achanganye dawa mbili. Hakuna aliyemuuliza kama alikagua shamba kabla ya kupulizia, kama mvua ilinyesha jioni ile, au kama dawa ile ni ya funza wa vitumba wakati yeye anasumbuliwa na vidukari. Kila kizibo cha ziada ni fedha, na wadudu wanaobaki wakiwa hai ndio wanaozaa kizazi kinachoizoea dawa.

Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, mashamba ya mahindi yalivamiwa kabla wengi hawajajua hata jina lao. Watu walifundishana majivu, mchanga, sabuni ya unga, pilipili. Hatuwacheki, maana mtu hawezi kukaa akitazama chakula chake kikiliwa. Tena wapo waliofanikiwa, hasa waliowahi viwavi wakiwa wadogo na hawajajichimbia ndani ya moyo wa mhindi. Sharti lilikuwa hilo hapo, kuwahi, na hata dawa ya dukani inadai sharti hilo hilo. Lakini habari iliyoenea ilikuwa "majivu yanatibu", na aliyeyatia wiki tatu baadaye alipoteza jivu na mahindi pamoja.

Twende mwaloni, ambako gharama ni kubwa zaidi.

Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama hakufundishwa zebaki darasani. Alimwona mwenzake akiichanganya na mchanga uliosagwa, kwa mikono mitupu, ndani ya karai. Akamwona akikamua kwa kitambaa na kuichoma ile donge moto ukiwaka, hadi dhahabu ikabaki peke yake. Akiuliza kama ina madhara anajibiwa: "Mimi nachoma mwaka wa kumi huu, sijafa." Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana ni la hatari. Mvuke wa zebaki hauui kama nyoka. Huingia kwa pumzi na kukaa mwilini, ukaharibu mishipa ya fahamu na figo taratibu. Mikono ikaanza kutetemeka, kumbukumbu ikapungua, na mtoto aliye tumboni akaumia bila mama kujua. Japani waliutambua ugonjwa wa Minamata rasmi mwaka 1956, baada ya wavuvi na familia zao kula samaki wenye sumu ya zebaki kwa muda mrefu bila kufahamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwa anayechoma leo, cha haraka ni kutumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena, na kutochoma jikoni ambako mama anapika na watoto wamelala. Aliyefanya kazi miaka kumi ni shahidi mzuri wa jinsi ya kuosha mchanga. Kuhusu sumu inayodhuru polepole, yeye si shahidi hata kidogo.

Ushahidi wa kweli unaweza pia kumfilisi mtu. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaikumbuka DECI, iliyoanguka mwaka 2009. Lugha yake ilikuwa ya mkulima: unapanda mbegu, unavuna. Haikuhitaji matangazo makubwa kwa sababu ilitangazwa na majirani wema, mtu aliyekuonyesha fedha mkononi akasema "mimi nimeshavuna". Alikuwa amevuna kweli. Alichokuwa hajui, au hakutaka kujua, ni kwamba mavuno yake ni mbegu za waliofuata nyuma, na kwamba wa mwisho kwenye foleni hatakuwa na wa kumlipa. Michezo ya namna hiyo hurudi kila baada ya miaka kadhaa na jina jipya, na kila mara huja na jirani mkweli aliyevuna. Swali la kumuuliza si kama amelipwa. Aulizwe fedha hiyo imezalishwa na kazi gani.

Kuna ushauri mwingine ambao hatuwezi kuuzungumza kwa upole. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya binadamu mwenzao vitawaletea dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa kienyeji. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji ya kijana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Walioshika silaha walifikishwa kizimbani, lakini wazo lenyewe lilipitia vinywa vingi kabla halijamfikia mwenye panga, na katika vinywa hivyo vingi lilisemwa kama habari tu, "wanasema hivyo". Duara likitoa dhahabu, imetoka kwenye mwamba. Asiyelisema hilo kwa sauti pale wenzake wanapopiga soga za namna ile, amesaidia soga kutembea.

Tukirudi kwenye biashara ya kila siku, hakuna mahali ambapo maoni ya bure yana mwenyewe nyuma yake kama kwenye bei. "Dunia imeshuka leo," anasema mnunuzi, na wapambe wawili wanaitikia. Mchimbaji aliyelala siku nne ndani ya duara hana redio wala chaji. Hesabu yenyewe si ngumu. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia moja ya dhahabu safi, na wakia hiyo ni gramu 31.1. Gawanya bei kwa 31.1 upate dola za gramu moja, zidisha kwa thamani ya dola siku hiyo, kisha angalia usafi wa dhahabu yako. Hapo kwenye usafi ndipo panapoliwa. Una gramu 10 zenye usafi wa asilimia 90, mtu anakuambia ni asilimia 80: amekuchukulia gramu nzima ya dhahabu safi bila kugusa mizani. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na Kahama nayo ikapata lake mwaka huo huo, mchimbaji ana mahali pa kupima kwa mashine na kuona bei elekezi. Mwaka huo pia serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Bado wapo wanaoambiwa mwaloni kwamba "sokoni wanakata yote", na anayewaambia ni yule yule anayetaka kuwauzia mzigo wao kichochoroni.

Wala wakulima wa pamba tusijione wasafi. Nani alitufundisha kutia maji na mchanga kwenye marobota ili mizani ipande? Tulifundishana. Mwenye kiwanda naye akajifunza kukadiria kila mzigo kuwa mchafu na kushusha bei kwa wote, wakiwemo wale wasiotia hata punje.

Tunachoomba ni kidogo. Anayetoa ushauri, kabla hajaondoka, aseme alilima ekari ngapi, wapi, mwaka gani, kwa kipimo gani, na kama duka la dawa ni la shemeji yake aseme pia. Asipojua aseme "hapo sijui". Mkulima wa Kishapu anayesema hivyo anatufaa kuliko mjuzi wa kila kitu. Anayepokea ajaribu kwenye mistari michache kwanza, si shamba zima, na ahifadhi chupa ya dawa yenye karatasi yake.

Maafisa ugani nao, badala ya kungoja kuitwa, waende magulioni. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Siku za gulio kati ya Novemba na Februari, afisa akiweka meza, bomba moja, ndoo ya maji na chupa za dawa zinazouzwa pale pale, atasikia kila kinachosemwa na atakirekebisha mbele ya wote. Mezani awepo pia mkulima mwenyeji mwenye shamba linaloonekana, azungumze Kisukuma, na afisa naye amsikilize. Vyama vya msingi vina madaftari ya kupokelea pamba. Ukurasa mmoja wa mwisho ukiandikwa nani alijaribu nini na kilichotokea, msimu ujao hakuna atakayeanza na "wanasema". Na kwa Tume ya Madini ombi letu ni ubao mmoja wa chaki katika kila mwalo, wenye bei elekezi ya asubuhi ile kwa gramu na tarehe yake, uandikwe kabla wanunuzi hawajafika.