Benzi Ipi? Kura Yetu Tunaipa W123

Kila orodha ya Benzi bora tuliyoisoma hapa Uingereza inaanza na gari moja: 300 SL ya mwaka 1954, ile ambayo milango yake inafunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege. Yakishapita hayo huja magari ya mashindano, halafu ya marais na waimbaji, na mwisho kabisa, ikiwa nafasi imebaki, hutajwa gari ambalo watu wamelipanda kweli. Chamani kwetu tumebishana juu ya jambo hili jioni mbili nzima, chai ikapoa, na tumeona tuliandike: orodha hizo zimegeuzwa miguu juu. Gari la kwanza lilipaswa kuwa W123, lile la mraba mraba lililoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuendelea kwa takriban miaka kumi.

Kabla ya kufika huko, tulikwama kwenye neno. Kwa Kiingereza tunajua la kusema, lakini sheria ya chama ni kwamba mkutanoni ni Kiswahili tu. Mmoja akapendekeza “gari maarufu”. Akajibiwa kwamba hata gari lililotumbukia mtoni jana na kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari ni maarufu. “Gari la kihistoria” lilinusa makumbusho. Tukakubaliana kusema “gari la alama”, yaani gari ambalo ukiliona tu, hujauliza jina lake, tayari kuna kitu unakijua juu ya aliyemo ndani. Au unadhani unakijua. Neno hilo lilitusaidia kuliko tulivyotarajia, kwa sababu alama inahitaji watu wa kuisoma, na hapo swali likabadilika. Tukaacha kuuliza gari gani ni zuri zaidi, tukauliza gari gani limesomwa na watu wengi zaidi, na wamelisoma vipi.

Hatuna ugomvi na 300 SL. Tena ile milango haikuwekwa kwa madoido. Mifupa ya gari hilo ilikuwa mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu nyingi ili liwe jepesi na imara, na mabomba hayo yalipanda juu sana ubavuni kiasi kwamba mlango wa kawaida haungeweza kukaa. Basi wahandisi wakaukata mlango mpaka kwenye paa. Hata usukani ulilazimika kuinama ili dereva aweze kuingiza miguu. Injini yake ilirusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jambo lililokuwa adimu sana wakati huo kwa gari la kuuzwa madukani. Na huenda lisingeuzwa kabisa kama Max Hoffman, mfanyabiashara wa magari wa New York, asingewashikilia Wajerumani kwamba Marekani kuna wateja. Lakini zilitengenezwa 1,400 tu za milango ile. Picha zake zimeonekana duniani kote, gari lenyewe limeonekana na wachache. Sisi sote kwa pamoja hatujawahi kuliona likitembea barabarani.

Kuna mwenzetu aliyetaja bei, kwamba mwaka 2022 Benzi moja ya 1955, 300 SLR, iliuzwa kwa euro milioni 135. Sawa. Za umbo hilo la kufunikwa paa ziko mbili tu duniani. Bei hiyo inatuambia habari za matajiri, na sisi tulikuwa tunazungumzia magari.

Iliyotupa shida ni 600, iliyotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981. Hii nayo ilikuwa chache, 2,677, lakini ukitazama walioimiliki utaelewa kwa nini hatukuweza kuiacha nje: Mao, Tito, Elvis Presley, John Lennon. Ni gari gani jingine linaloweza kuwakusanya hao wanne? Madirisha, viti na mfuniko wa buti vyote viliendeshwa kwa mgandamizo wa mafuta ndani ya mipira, kimya kimya, na ile ndefu kabisa ilizidi mita 6. Hiyo inasomwa kwa namna moja tu popote duniani: mkubwa anapita, kaa pembeni. Tumeipa nafasi ya pili. Wengine walinung’unika kwamba tunawapamba madikteta. Lakini alama si sifa njema. Nyoka pia ni alama.

Sasa W123. Zilitengenezwa karibu milioni 2.7. Mwanzoni watu walizingoja miezi mingi, hata ikawa gari lililotumika kidogo linaweza kuuzwa kwa bei ya jipya. Ya kupendeza zaidi, kwa maoni yetu, ni ile ya dizeli iitwayo 240 D. Asubuhi ya baridi dereva alipaswa kusubiri plagi zipate moto kwanza ndipo awashe, na akishaondoka, ilimchukua zaidi ya sekunde 20 kufika kilomita 100 kwa saa. Polepole, lakini haifi. Katika makumbusho ya kampuni hiyo kule Stuttgart ipo 240 D ya mwaka 1976, ya umbo lililotangulia W123, ambayo dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, aliiendesha kilomita milioni 4.6. Ni sawa na kwenda mwezini na kurudi mara tano na zaidi, kwa abiria wa kulipa.

Na hapo ndipo penyewe. Ujerumani W123 ilikuwa teksi. Zilijipanga nje ya stesheni za treni, rangi ya pembe za ndovu, na mtu yeyote mwenye sanduku na nauli alifungua mlango akaingia. Moroko ilikuwa teksi ya kwenda mji wa pili: wanne nyuma, wawili mbele na dereva, magoti kwa magoti. Miaka mingi baada ya Wajerumani kuziuza kama mitumba bado zilikuwa zikivuka milima ya huko, mpaka serikali ilipoanza kuwapa wenye teksi ruzuku wanunue magari mapya.

Afrika Mashariki, gari lile lile lilikuwa la mheshimiwa. Aliyebeba watu kwetu alikuwa Peugeot, 404 halafu 504, na wazazi wetu waliokulia Kenya bado wanamtaja kwa upendo kama ndugu wa ukoo. Benzi ilikuwa kitu kingine. Baba wa mwenzetu, aliyesoma shule ya msingi karibu na Nakuru, anasema watoto hawakuhitaji kuambiwa ni nani anayekuja. Walitazama nyota ya ncha tatu mbele ya boneti, wakajipanga wenyewe.

Ndiyo maana lugha yetu ikazaa neno ambalo Wajerumani hawana: Wabenzi. Tangu miaka ya 1960, baada tu ya uhuru, watu walichukua kiambishi kile kile cha Wapare na Wakamba, wakakibandika kwenye chapa ya gari, na likapatikana kabila jipya ambalo watu wake wanatambulikana kwa usafiri. Tunajifunza ngeli kila Jumatano na hatujaona mfano mzuri kuliko huu. Neno moja lina dhihaka, wivu na hesabu ya kodi ndani yake. Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi nyumba za kupangisha, hisa na mishahara miwili. Barabarani, watu walikuwa na azimio lao la herufi saba. Ngũgĩ wa Thiong’o alipotoa kitabu chake cha hadithi fupi mwaka 1975, aliweka humo moja iitwayo “A Mercedes Funeral”, na msomaji wa Kenya hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini gari hilo na si jingine.

Ami wa mwenzetu mwingine, mtu wa Mombasa, alifika Hamburg mwaka 1984 kwa kazi za meli. Nje ya stesheni akafunguliwa mlango wa Benzi. Anasema alikaa kiti cha nyuma ameshikilia begi lake, amenyamaza, akijiuliza ni nani aliyemtumia gari la waziri na atamlipa nini. Mpaka alipoiona mita inahesabu! Tulicheka sana aliposimulia, lakini ndiyo hoja yetu yote. Mashine moja, kiwanda kimoja, na mtu anaweza kuvuka bahari akakuta alama aliyoisoma tangu utotoni ina maana nyingine kabisa. 300 SL haiwezi kumfanyia mtu hivyo. Hata 600 haiwezi.

Wanaotunga zile orodha wanahesabu mbio walizoshinda, umbo na bei mnadani. Hawajauliza Rabat wala Nakuru. Sisi tunaona watu wanaosema Kiswahili wana haki ya kupiga kura katika jambo hili kuliko wengi wa waandishi hao, kwa sababu sisi tulilipa gari hili sarufi. Wazazi wetu walitufundisha neno Wabenzi kabla hatujajua kuendesha baiskeli, na walilitamka kwa midomo iliyokunjwa, huku macho yakilifuata gari mpaka kona. Ukitaka kujua gari ni alama, tazama macho hayo.

Dada mmoja kati yetu hakukubali, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema kwamba ikiwa W123 ilinunuliwa kwa fedha za umma wakati zahanati hazina dawa, kuiweka ya kwanza ni kuwapigia makofi walioiba. Tulimsikiliza, na hatuna jibu la kumfunga mdomo. Tulichomwambia ni kwamba tukiiacha, tutabaki na orodha ya magari mazuri yasiyomdai mtu chochote, na kumbukumbu ya zahanati hiyo itaondoka pamoja na gari. Alipiga kura ya hapana. Ni haki yake, na tulimwomba atuachie tuiandike hapa.

Mengine tuliyapitia haraka. Gari la Karl Benz la 1886, lililoendeshwa na mkewe Bertha miaka miwili baadaye kutoka Mannheim hadi Pforzheim, linastahili makala yake lenyewe, hasa huyo Bertha. G ya 1979 iliungwa mkono na wavulana watatu ambao hawajawahi kulipia mafuta. Tena Tanzania neno la kejeli sasa limehamia kwenye Land Cruiser na wenzake, “mashangingi”, kwa hiyo hata Wabenzi wenyewe wamepandishwa gari jingine.

Kura zilikuwa hivi: W123 saba, 600 tatu, 300 SL mbili. Moja ilikwenda kwa 230 SL ya 1963, na aliyeipiga alikiri mbele ya wote kwamba ni kwa ajili ya lile paa lake lililobonyea katikati tu, na kwamba kitu kingine chochote tulichokisema jioni zile mbili hakimhusu.